Babu wa kijijini Uingereza haonekani: utatuzi wa matatizo ya vyeti vya kuzaliwa na sensa

Wanaotafuta mizizi ya Kiingereza kutoka huku kwetu si wa aina moja. Yupo mjukuu wa mlowezi wa Naivasha, yupo anayeomba viza kwa sababu bibi mzaa baba alizaliwa Uingereza, na yupo aliyeoa huko akataka wanawe waujue ukoo wa mama yao. Malalamiko yao lakini hufanana: jina halimo, jina limezidi, umri haukubaliani, familia imetoweka. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Kila mahali anza na sababu ya kawaida kabla ya kuwaza mambo ya ajabu. Mwongozo huu ni wa England na Wales tu, kwani Scotland na Ireland zina ofisi na taratibu zake.

Kanuni moja inapita dalili zote: mtu wa kijijini hutafutwa kwa mahali kwanza, jina baadaye. Vijiji vya Uingereza ya karne ya 19 vilikuwa na majina machache ya ukoo yaliyojirudia nyumba kwa nyumba, na wavulana waliitwa William, John, George na Thomas hadi unachoka. Parokia ndiyo inayowatenganisha. Ukianza na jina tupu kwenye kisanduku cha kutafutia, umeshapotea kabla hujaondoka.

Vifaa ni hivi. Faharasa ya Ofisi Kuu ya Usajili, inayojulikana kama GRO, hutafutwa bure ukifungua akaunti. Tovuti ya FreeBMD ni ya bure na imeandikwa na watu wa kujitolea. FamilySearch pia ni bure. Ancestry na Findmypast ni za kulipia, lakini vituo vya FamilySearch vilivyo chini ya Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho huwa na njia ya kuzifungua bila malipo. Ulizia kama mjini kwako kipo.

Dalili: jina halimo kabisa kwenye faharasa ya vizazi

Angalia mwaka kwanza. Usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Julai 1837. Aliyezaliwa kabla ya hapo hayumo wala hatakuwamo. Nenda kwenye dalili ya ukuta wa 1837, huko chini.

Kama mwaka uko sawa, mshtakiwa wa kwanza ni tahajia. Msajili aliandika alichosikia, na mama aliyetia alama ya X badala ya sahihi hakuwa na namna ya kumsahihisha. Sehemu nyingi za mashambani herufi H mwanzoni mwa neno hudondoka, kwa hiyo Hobbs akawa Obbs. Na msajili aliyejua desturi hiyo angeweza kuongeza H isiyokuwapo, Ellis akawa Hellis. Tafuta kwa majina yanayofanana kwa sauti, kisha weka alama ya nyota mahali pa irabu.

Pili ni robo ya mwaka. Faharasa imepangwa kwa robo zinazoishia Machi, Juni, Septemba na Desemba, na kinachohesabiwa ni siku ya kusajiliwa, si ya kuzaliwa. Wazazi walikuwa na siku 42 za kuripoti. Mtoto wa Desemba 1866 basi anaweza kukaa kwenye robo ya Machi 1867 na hakuna aliyekosea.

Tatu, wilaya. Faharasa haitaji kijiji. Inataja wilaya ya usajili, na wilaya hizo zilifuata miungano ya parokia iliyoundwa chini ya sheria ya maskini ya 1834, bila kujali sana mipaka ya kaunti. Mtoto wa Middleton Cheney, kaunti ya Northamptonshire, ameandikwa chini ya Banbury, na Banbury yenyewe iko Oxfordshire. Anayechuja matokeo kwa Northamptonshire peke yake hamwoni. Kabla ya lolote, tafuta kijiji chako kilikuwa chini ya wilaya gani mwaka ule.

Nne, jina la nyumbani. Polly ni Mary, Peggy ni Margaret, Sally ni Sarah, Nancy ni Ann, Betsy ni Elizabeth, Ned ni Edward. Tena wapo watoto waliosajiliwa kabla hawajapewa jina. Hao wameandikwa jinsia tu, "Male" au "Female". Futa jina la kwanza, tafuta kwa ukoo, wilaya na miaka miwili kila upande.

Tano, amesajiliwa kwa ukoo wa mama kwa sababu wazazi hawakuwa wameoana. Hili si nadra, na nitalirudia.

La mwisho ni kwamba hakusajiliwa kabisa. Hadi mwisho wa 1874 kazi ya kuvisaka vizazi ilikuwa zaidi ya msajili kuliko ya wazazi. Sheria iliyoanza kutumika 1875 ndiyo iliyowabana wazazi kwa faini. Kabla yake wapo walioona ubatizo unatosha. Ndiyo maana rejista ya ubatizo ya parokia inafaa kuangaliwa hata kwa mtu wa 1850.

Ukikwama bado, badilisha faharasa. Ile ya GRO ya mtandaoni iliandaliwa upya, haikunakiliwa kutoka ile ya zamani ambayo FreeBMD imeitumia. Kosa la moja si lazima liwe la nyingine. Kisha iandikie ofisi ya usajili ya eneo husika, maana rejista ya asili iko kwao na GRO ilipelekewa nakala. Ila namba ya marejeo ya GRO haiwasaidii kitu. Wape jina, tarehe na parokia.

Dalili: wamejaa, wote jina moja, wote wilaya moja

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa kuagiza cheti cha kila mmoja. Usiagize bado.

Chukua karatasi, waandike wagombea wote: mwaka, robo, wilaya, ukoo wa mama kabla ya kuolewa. Hilo la mwisho ni la thamani kubwa. Faharasa ya zamani haikuonyesha ukoo wa mama hadi robo ya Septemba 1911, lakini ya sasa ya GRO inauonyesha tangu 1837. Nafasi hiyo ikiwa tupu kwa mtoto wa karne ya 19, mara nyingi maana yake ni kwamba mama hakuwa ameolewa.

Kisha anza kuwatoa. Ondoa waliokufa wadogo: faharasa ya vifo ya GRO inaonyesha umri, na kwa bahati mbaya utawapata wengi. Angalia hasa nyumba ambamo jina moja limerudi baada ya miaka miwili au mitatu. Wazazi walikuwa wakimpa mtoto mpya jina la marehemu, na William wa kwanza alizikwa kabla wa pili hajazaliwa. Watu wengi wameungana na yule wa kwanza, wakampatia ndoa na watoto tisa akiwa kaburini.

Waliobaki wafuate kwenye sensa inayofuata, mmoja mmoja. Ukimkuta William mwingine yuko kwa wazazi wake mwaka 1871, hajaoa, ilhali wa kwako alioa 1869, huyo katoka. Kazi hii inachosha. Hakuna inayolipa zaidi yake.

Halafu pitia kwa ndugu. Kama sensa inaonyesha babu yako alikuwa na dada mwenye jina lisilo la kawaida, tuseme Keziah au Tryphena, mtafute huyo kwenye faharasa. Ukoo wa mama yake ndio ukoo wa mama wa babu yako, ikiwa mama ni mmoja.

Cheti cha ndoa kinafuata. Tangu 1837 kina jina na kazi ya baba wa kila upande. Ukisoma kazi, pima uzito wake. Baba aliyeandikwa kibarua wa shamba hakusaidii, kwa sababu nusu ya kijiji walikuwa hivyo, na kwenye sensa ya 1841 utawaona kwa kifupisho "Ag Lab" ukurasa mzima. Mhunzi, msagaji wa kinu au mlinzi wa wanyama wa shamba la bwana mkubwa, huyo unaweza kumfuata. Umri nao mara nyingi umeandikwa "full age", maana yake miaka 21 au zaidi, basi. Na kumbuka kuwa aliyezaliwa nje ya ndoa aliweza kumtaja baba wa kubuni mbele ya kasisi ili asione haya siku ya harusi yake.

Wakibaki wawili, sasa agiza. Cheti kikifika kisome chote, hasa nani aliyeripoti na aliishi wapi. Ukiona saa ya kuzaliwa imeandikwa, karibu kila mara maana yake ni mapacha; rudi kwenye faharasa umtafute wa pili.

Onyo: usijaze pengo kwa mti wa ukoo wa mtu mwingine uliouona mtandaoni. Miti kumi inayokubaliana yaweza kuwa ni nakala kumi za kosa moja. Ichukue kama fununu, uithibitishe mwenyewe kwenye picha ya rejista.

Dalili: umri unaruka kutoka sensa moja hadi nyingine

Kama sensa mojawapo ni ya 1841, huenda hakuna tatizo. Makarani waliagizwa kushusha umri wa waliozidi miaka 15 hadi tano ya karibu. Mwenye 34 akaandikwa 30. Baadhi walifuata, baadhi hawakufuata.

Sababu nyingine ni tarehe ya sensa. Ya 1841 ilikuwa 6 Juni, ya 1851 ni 30 Machi, ya 1861 ni 7 Aprili. Aliyezaliwa Mei anapungukiwa mwaka mzima bila kudanganya. Tofauti ya miaka miwili au mitatu ivumilie, kwani wengi hawakujua umri wao kamili. Ikifika kumi, uwezekano mkubwa umeshika mtu mwingine.

Dalili: mahali pa kuzaliwa panabadilika kila baada ya miaka kumi

Sensa ya 1841 haitaji mahali, inauliza tu kama mtu alizaliwa kaunti hiyohiyo, ndiyo au hapana. Kuanzia 1851 ndipo parokia na kaunti zinatajwa, na hapo ndipo babu anaonekana amezaliwa mara tatu.

Mara nyingi majibu yote ni ya kweli. Mwaka huu ametaja kitongoji, mwaka ule parokia yenye kanisa, na alipohamia London akataja mji wa soko ulio karibu kwa sababu hakuna Mlondon aliyekijua kitongoji chake. Ni kama mtu wa Ngerengere anayesema Morogoro akiwa Dar es Salaam. Fungua ramani ya zamani: sehemu tatu zikiwa ndani ya maili chache, zote ni zake.

Usipopaona kwenye ramani, fikiria sikio la karani. Kilichobaki kwetu kwa sensa za 1841 hadi 1901 ni vitabu vya makarani, walivyonakili kutoka karatasi za kaya ambazo baadaye ziliharibiwa. Norfolk kuna Wymondham, wenyewe hutamka "Windam", na Happisburgh, hutamka "Heizbra". Karani mgeni angeandika nini? Lisome neno kwa sauti kwa matamshi ya huko, usilitazame kwa macho tu. Halafu yapo majina kama Norton, Sutton na Preston, yaliyomo katika kaunti nyingi.

Sababu isiyojitokeza mara nyingi ni woga. Chini ya sheria za maskini, aliyeomba msaada mahali pasipokuwa pake aliweza kurudishwa parokia aliyohesabiwa kuwa mwenyeji. Kudai umezaliwa hapahapa kulikuwa na faida.

Majibu yakigongana, mimi huuamini zaidi ukurasa wa utotoni. Hapo alijibu mzazi, na mama hasahau alipojifungulia.

Dalili: familia nzima imetoweka kwenye sensa moja

Kwanza hakikisha si sensa ya 1931, iliyoteketea kwa moto Hayes, Middlesex, Desemba 1942, au ya 1941, ambayo haikufanyika kwa sababu ya vita. Kwa pengo hilo tumia rejista ya 29 Septemba 1939, ingawa majina ya watu wanaoweza kuwa hai bado yamefunikwa. Sensa hufungwa miaka 100. Ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022.

Kwa miaka mingine, familia kwa kawaida ipo na aliyeinukuu kompyutani ndiye aliyeipoteza. Acha ukoo. Tafuta mtoto mwenye jina adimu pamoja na umri na parokia. Ikishindikana, soma parokia nzima ukurasa kwa ukurasa kwenye picha. Kijiji cha watu mia nne ni kazi ya jioni moja, na njiani utakutana na wajomba, mashangazi na wakwe ambao hukuwa na habari nao. Nashangaa jinsi watu wanavyoikwepa njia hii, ilhali kwa vijijini ndiyo ya uhakika kuliko zote.

Kama aliyetoweka ni mmoja tu, fikiria kazi. Binti wa miaka 13 yuko kwa watu akitumika ndani; kijana analala kwenye shamba la bwana wake maili kumi kutoka kwao. Vijana wa shamba waliajiriwa kwa mwaka kwenye gulio la kuajiriana, na mwaka ukiisha walihama. Mtafute kama mtumishi, si kama mwana wa fulani.

Mzee au mjane asiyeonekana, angalia nyumba ya maskini ya muungano wao. Katika taasisi za aina hii, hasa hospitali za wagonjwa wa akili, watu waliweza kuandikwa kwa herufi za kwanza tu. Utampata kama M. H., mjane, miaka 67, na itabidi uthibitishe kwa rejista ya taasisi yenyewe.

Nadra zaidi ni kurasa zilizopotea, kama zile za sehemu kadhaa za sensa ya 1861. Tovuti kubwa huorodhesha mapengo yanayojulikana; angalia orodha hiyo kabla ya kumaliza wiki ukitafuta kisichokuwapo.

Dalili: mama ana miaka 50 na mtoto ana miezi 3, au mtoto ana ukoo usio wa nyumba ile

Kumbuka kuwa safu ya uhusiano inamhusu mkuu wa kaya peke yake. "Wife" ni mke wake. Haisemi kuwa ndiye aliyewazaa watoto walio chini yake. Wanaume waliofiwa walioa upesi. Ukiona pengo la miaka mitano kati ya watoto, tafuta kifo cha mke wa kwanza na ndoa ya pili.

Mtoto mchanga wa mama mzee kwa kawaida ni mjukuu. Binti mkubwa amezaa kabla ya kuolewa, wazazi wamemfunika. Angalia faharasa: ukoo wa mama ni upi, au nafasi iko tupu? Na usidanganywe na "son-in-law" ya karne ya 19. Iliweza kumaanisha mtoto wa kambo, kwa hiyo unaweza kumwona mkwe wa miaka saba.

Baba wa mtoto wa nje ya ndoa huenda asipatikane kwenye cheti. Tangu 1875 hakuandikwa asipokuwapo mwenyewe kukubali. Tafuta dhamana za matunzo na kesi za mahakama ndogo kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti.

Simama hapa kama ushahidi unaelekea kwa watu walio hai, au kama mtoto aliasilishwa, yaani alipewa wazazi wengine kisheria. Uasilishaji wa kisheria ulianza 1 Januari 1927, na mafaili yake yana utaratibu na ushauri nasaha uliowekwa kisheria. Vivyo hivyo kipimo cha DNA kinapoonyesha kuwa babu si babu: kabla ya kumpigia simu yeyote, zungumza na mshauri.

Dalili: umefika 1837, ukuta

Sasa unahamia rejista za kanisa, zilizoamriwa mwaka 1538 chini ya Thomas Cromwell. Kutoka 1813 ubatizo uko kwenye fomu iliyochapwa, yenye makazi na kazi ya baba. Kabla ya hapo unaweza kupata mstari mmoja tu: John mwana wa John na Mary. Pengo la vita na utawala wa jamhuri, takriban 1642 hadi 1660, ni la kawaida; usijilaumu.

Parokia ikikosa kitu, tafuta nakala zilizopelekwa kwa askofu kila mwaka. Ukoo mzima ukikosekana kwenye ubatizo lakini ndoa ziko kanisani, huenda walikuwa Wabaptisti au Wamethodisti. Tangu 25 Machi 1754 hadi 1837 karibu kila mtu alilazimika kufunga ndoa katika kanisa la Anglikana, isipokuwa Wayahudi na Wakweka. Rejista nyingi za madhehebu hayo ziko Kew, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, kundi la RG 4. Na kabla ya 1752 mwaka ulianza 25 Machi, hivyo ubatizo wa Februari 1740 kwa hesabu yetu ni wa 1741.

Mwandiko ukiwa wa karne ya 16 au 17, Kilatini kikaingia, au ukurasa umeliwa na unyevu, mlipe mtaalamu. Chama cha AGRA kina orodha ya watafiti wanaolipwa. Mpe swali moja lenye mipaka, wala usimwambie "nitafutie ukoo wangu".

Dalili: alikuja Kenya au Tanganyika, lakini Uingereza hakuzaliwa popote

Kwanza hakikisha alizaliwa huko kweli. Wengi waliokuja Afrika Mashariki walikuwa wamezaliwa India au Afrika Kusini. GRO ina faharasa tofauti za vizazi vya ng'ambo vilivyoripotiwa kwa mabalozi na jeshi, na kumbukumbu za kanisa za India ziko Maktaba ya Uingereza, London. Orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza kati ya 1890 na 1960, kundi la BT 27, zinaweza kukupa umri, kazi na anwani ya mwisho. Anwani hiyo ndiyo parokia yako ya kuanzia.

Kama unatafuta kwa ajili ya viza ya ukoo, inayowahusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wenye babu au bibi aliyezaliwa Uingereza, utafutaji wa kujifurahisha unaishia hapa. Mlolongo wa vyeti, cha kwako, cha mzazi na cha babu au bibi, upeleke kwa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kulipa ada ya maombi, maana herufi moja ya jina isiyolingana huleta maswali. Na ukiagiza cheti, agiza kile kirefu. Kifupi, kilichoanza 1947, hakina majina ya wazazi.